Sura ya Nne: Sekunde Nane za Kuvuka Mpaka

Ukiamka alfajiri Tunduma na kutembea kando ya barabara kuu kuelekea mpakani, utayakuta malori yamepangana pua kwa mkia. Madereva wengine wamelala humo ndani, wengine wameshuka wanapiga mswaki kwa maji ya dumu, wengine wanamsubiri mama ntilie awamiminie chai. Mizigo yao inakwenda Lusaka, Lubumbashi, Kolwezi. Yale yanayotoka upande wa pili yamebeba shaba ya kwenda bandari ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka hapa. Tangu mwaka 2019, Tanzania na Zambia zilipozindua kituo cha pamoja cha huduma za mpakani hapa Tunduma na Nakonde, safari ya karatasi imefupishwa, lakini foleni bado ni sehemu ya mji. Mtoto wa Tunduma hujua mapema kwamba mpaka hauvukwi kwa nguvu. Huvukwa na aliyejiandaa kabla ya kufika getini.

Mpira wa kikapu nao una mpaka wake. Ni mstari wa katikati ya uwanja. Timu ikipata mpira katika nusu yake, ina sekunde 8 tu za kuuvusha mstari huo. Ikishauvusha, hairuhusiwi kuurudisha nyuma. Ukirudi, mpira unapewa wapinzani. Na shambulio zima, tangu timu iupate mpira hadi utupwe kikapuni, lina sekunde 24. Kazi ya kuuvusha mpira mara nyingi huwekwa mikononi mwa mtu mmoja, ambaye kwa kawaida si mrefu kuliko wenzake. Ndiye gadi, na yule mwenye jukumu la kuongoza mchezo huitwa pointi gadi. Yeye ndiye dereva, ndiye wakala wa forodha, ndiye anayejua mzigo unashushwa wapi na kwa nani. Mbele yake amesimama adui mwenye mikono miwili, na nyuma yake saa inahesabu.

Sura hii inahusu maisha ya kazi ya gadi kijana. Nimeiandika nikiwafikiria vijana wa Songwe, kwa sababu naamini ndani ya kazi hiyo kuna somo ambalo mji wa mpakani unaweza kulielewa upesi kuliko mji mwingine wowote.

Kimo hukipewi na mwalimu

Tanzania tukizungumzia kikapu, tunaanza na urefu. Akionekana kijana mrefu mtaani, mtu atasema tu: huyu angecheza kikapu. Tuna sababu nzuri ya kufikiri hivyo, na sababu hiyo inaitwa Hasheem Thabeet. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, akaanza kuucheza mchezo huu akiwa na miaka kama 15, akapata nafasi ya kusoma Marekani, akang'ara katika Chuo Kikuu cha Connecticut. Tarehe 25 Juni 2009, mjini New York, usiku ule ambao timu za NBA huteua wachezaji wapya, Memphis Grizzlies walimchukua akiwa wa pili kati ya vijana wote. Akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi ile. Hakuna anayeweza kuifuta heshima hiyo, na mlango alioufungua haujafungwa.

Lakini hebu tuitazame orodha ya usiku ule. Baada ya Thabeet, wa tatu aliitwa James Harden. Wa nne Tyreke Evans, wa tano Ricky Rubio, wa sita Jonny Flynn, wa saba Stephen Curry. Watu watano mfululizo, na wote magadi. Curry, ambaye urefu wake haufiki hata sentimita 190, alikuja kutwaa ubingwa wa NBA mara nne na kubadilisha namna dunia nzima inavyotupa mpira kutoka mbali. Harden naye alichaguliwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2018.

Tofauti yao na ndugu yetu Thabeet haipo kwenye bidii. Ipo kwenye umri wa kuanza. Mtu wa kimo cha zaidi ya mita mbili anaweza kuushika mpira kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 15, na bado mwili wake ukampeleka mbali. Gadi hana bahati hiyo. Curry alikulia pembeni mwa viwanja, mtoto wa Dell Curry, mchezaji aliyedumu NBA misimu 16. Mpira ulikuwa mkononi mwake kabla hajajua kuandika vizuri. Kudunda mpira bila kuutazama, kumwona mwenzako kabla hajafunguka, kujua lini uharakishe na lini utulie: haya hayamo kwenye damu. Hupandwa utotoni na kumwagiliwa kila siku. Samaki mkunje angali mbichi. Kwa gadi, methali hii ni kanuni ya kazi.

Mtoto wa Kinshasa

Upande wa magharibi wa barabara yetu, mbali kupita Lubumbashi, ndiko alikozaliwa gadi ninayetaka tumfuate. Emmanuel Mudiay alizaliwa Kinshasa tarehe 5 Machi 1996, nchi yake ikiitwa bado Zaire. Baba yake alifariki Emmanuel akiwa mtoto mdogo. Vita vilikuwa vimeshaivuruga nchi. Mama yake alitangulia Marekani kutafuta hifadhi, kisha mwaka 2001 watoto wake watatu wa kiume wakamfuata katika eneo la Dallas, Texas. Emmanuel ndiye aliyekuwa kitinda mimba.

Huo ulikuwa mpaka wake wa kwanza. Aliuvuka akiwa na miaka 5, bila Kiingereza, mbele yake wakiwa kaka wawili wanaocheza kikapu. Kitinda mimba mwenye kaka wachezaji hupata shule ambayo haina ada: anachezeshwa na wakubwa, anapokonywa mpira kila siku, hadi siku moja hapokonyeki tena. Alipofika sekondari alikuwa gadi wa kipekee, mwenye karibu mita 1.96, kimo ambacho wengi wangempeleka acheze chini ya kikapu. Lakini mikono yake ilikuwa tayari imeshakuwa ya gadi. Makocha wa Marekani walimhesabu miongoni mwa vijana bora kabisa wa rika lake, naye akakubali kwenda Southern Methodist, chuo kikuu cha hapohapo Dallas, chini ya Larry Brown, kocha aliyewahi kutwaa ubingwa wa NBA.

Hapo ndipo ulipokuja uamuzi ambao kijana wa Tunduma ataufahamu bila kuelezwa mara mbili.

Kwa kanuni ya wakati ule, NBA haikumpokea Mmarekani aliyemaliza sekondari hadi mwaka anaotimiza miaka 19, na mwaka mmoja uwe umepita tangu amalize. Wengi huutumia mwaka huo chuoni, ambako enzi hizo mchezaji hakulipwa mshahara. Julai 2014, Mudiay, akiwa na miaka 18, alitangaza kwamba haendi chuo. Anakwenda China, kuichezea Guangdong Southern Tigers kwa msimu mmoja, kwa dola milioni 1.2. Sababu aliitoa hadharani: alichoka kumwona mama yake akihangaika.

Hakuwa wa kwanza. Mwaka 2008 gadi Brandon Jennings alikwenda Roma, Italia, kwa njia hiyohiyo. Lakini China ilikuwa mbali zaidi, kwa lugha, kwa chakula, kwa kila kitu. Mudiay alicheza mechi 10, akifunga wastani wa pointi 18 na kutoa pasi karibu 6 za kufungisha kwa mechi, kisha akaumia kifundo cha mguu. Alikaa nje miezi, akarejea kwenye mechi za mtoano dhidi ya Beijing, timu ya Stephon Marbury, naye gadi aliyevuka kutoka Marekani na kuwa shujaa wa Wachina. Kisha Mudiay akarudi nyumbani. Juni 2015, Denver Nuggets wakamteua wa saba.

Mara kumi na moja

Tarehe 28 Oktoba 2015, Denver walikuwa ugenini Houston. Kijana wa miaka 19 alipewa mpira tangu dakika ya kwanza. Alifunga pointi 17. Alitoa pasi 9 zilizozaa vikapu. Na alipoteza mpira mara 11.

Tuitafakari namba hiyo kidogo. Mchezaji wa kawaida akipoteza mpira mara 4, kocha anamwangalia kwa jicho kali. Mara 11 ni namba inayomwondoa mtu uwanjani. Lakini kocha Michael Malone alimwacha aendelee kuongoza, na Denver wakashinda. Huo ndio uzito wa kazi ya gadi kijana: kosa lake linaonwa na kila mtu, kwa sababu mpira uko kwake. Senta, yule mrefu wa chini ya kikapu, akikosea kusimama mahali, ni kocha tu anayejua. Gadi akikosea, uwanja mzima unaona mpira ukikimbizwa upande wa pili na kikapu kikifungwa.

Msimu ule alimaliza na wastani wa pointi 12.8 na pasi 5.5, akaingizwa katika kikosi cha pili cha wachezaji wapya bora. Machi 2016 alitupa mpira kutoka mbali sana saa ikiisha, Denver wakaifunga Philadelphia kwa pointi moja. Kwa mtu anayetazama televisheni, huyu alikuwa ameshafika.

Ila kulikuwa na mambo mawili yaliyokuwa yakienda chinichini.

La kwanza ni mtupo. Kila mara 100 alizotupa msimu ule wa kwanza, mpira uliingia kama mara 36 tu. Gadi asiyetisha kwa mtupo huachwa. Adui hurudi nyuma hatua mbili na kuziba njia, na pale palipokuwa na pasi sasa pana mkono.

La pili halikuwa kosa la Mudiay hata kidogo. Msimu uleule alioingia yeye, Denver walimleta pia Mserbia mmoja mnene kidogo, mpole wa mwendo, waliyemteua mwaka uliotangulia akiwa wa 41: Nikola Jokić. Alikuwa senta. Lakini alikuwa na macho ya gadi. Ilipofika Desemba 2016, Malone alimkabidhi nafasi ya kuanza, na shambulio la timu likaanza kupita mikononi mwake. Ghafla timu haikuhitaji tena gadi wa kushika mpira muda wote. Ilihitaji gadi anayejua kutupa akipewa. Na gadi huyo alikuwa ameshateuliwa mwaka huohuo, wa saba vilevile: Jamal Murray. Jokić na Murray ndio walioipa Denver ubingwa wake wa kwanza mwaka 2023.

Mudiay alihamishiwa New York Knicks Februari 2018. Huko, msimu wa 2018–19, alicheza vizuri kuliko wakati wowote: wastani wa pointi 14.8, mtupo wake umeimarika, na usiku mmoja wa Desemba alifunga pointi 34 dhidi ya Charlotte. Alikuwa na miaka 22. Lakini Knicks ya mwaka ule ilikuwa timu ya mkiani, na pointi za timu ya mkiani hazimpi mtu mkataba mrefu. Akaenda Utah, akawa mchezaji wa akiba. Machi 2020 ligi ikasimama kwa sababu ya korona, baada ya mchezaji mwenzake wa Utah, Rudy Gobert, kukutwa na virusi. Msimu uliofuata hakuitwa na timu yoyote ya NBA. Mwaka 2021 akaonekana Lithuania, kwenye klabu ya Žalgiris ya Kaunas, kisha Desemba akapata mkataba wa siku 10 na Sacramento. Alikuwa na miaka 25.

Miaka 25. Kwa Tunduma huo ni umri wa kijana anayeanza kusimamia biashara yake mwenyewe. Gadi wa NBA, kwa umri huo, huweza kuwa ameshavuka mipaka yote na kurudishwa.

Mahindi na kahawa

Nimewasikia watu wakimalizia habari ya Mudiay kwa neno jepesi: alikimbilia hela. Sikubaliani nao, na ningependa kijana anayesoma sura hii asikubaliane nao pia.

Mtoto aliyekimbizwa na vita, aliyemwona mama akijenga maisha upya ugenini, akipewa nafasi ya kumtua mama mzigo kwa kazi halali ya mikono yake, akiichukua hajakosea. Hapa mpakani tunawajua vijana wa namna hiyo. Mmoja anabadilisha kwacha kwa shilingi kandokando ya barabara, mwingine anashusha mizigo, mwingine anaendesha bodaboda kati ya stendi na geti. Wengi wao kila wiki wanatuma chochote nyumbani, Momba, Ileje au Mbozi. Fedha ya mapema si dhambi.

Swali la haki ni lingine: ile miaka ya kujifunza, nani aliilipia, na ilikatwa wapi? Mkulima wa Mbozi analijua jibu kwa sababu analima vyote viwili. Mahindi hupandwa mvua zikianza, na msimu huohuo unakula. Mche wa kahawa unautunza miaka mitatu, hata minne, kabla haujakupa mavuno ya maana, na ukiupunja mbolea mwaka wa pili, utayaona matokeo mwaka wa tano. Gadi ni kahawa. Mudiay alipandwa vizuri na kaka zake. Lakini mwaka ambao ungemfunza mtupo na kusoma mchezo taratibu, aliutumia kwa mechi 10, jeraha, na upweke wa nchi ya mbali. Kisha akaingia Denver kujifunza mbele ya watu elfu kumi na tano, kila kosa likiandikwa. Wapo waliopitia njia hiyo wakafika. LaMelo Ball alikwenda Australia mwaka 2019 na akarudi mchezaji mpya bora wa mwaka wake. Njia yenyewe haina laana. Inadai tu kwamba ufike getini karatasi zako zikiwa zimekamilika, kwa sababu ukishavuka mstari hurudi nyuma.

Na tusimwonee Mudiay kwa kuhesabu tu alichokosa. Mtoto wa Kinshasa aliongoza timu ya NBA akiwa na miaka 19, na mama yake hakuhangaika tena. Kwa kipimo cha familia nyingi za ukanda huu, huo ni ushindi mkubwa.

Sakafu inayojibu

Sasa turudi nyumbani. Songwe ni mkoa kijana, ulizaliwa mwaka 2016 ukitokea Mbeya, makao yake yakiwa Vwawa. Watoto wake hawajapungukiwa na vipaji. Kilichopungua nilikiona jioni moja kwenye baraza la duka lililofungwa hapa mjini. Mtoto wa miaka kama tisa alikuwa akidunda mpira uliochakaa hadi nukta zake za ngozi zimeisha. Alidunda kwa kulia, akahamisha kushoto, akaupitisha katikati ya miguu. Kisha mpira ukamponyoka, ukashuka barazani hadi kwenye udongo wa barabara. Alipojaribu kuudunda pale chini, haukurudi. Ulitoa mshindo mzito, ukakaa kwenye vumbi kama jiwe. Akauokota, akapanda tena barazani.

Mtoto yule alikuwa amenieleza tofauti kati ya kandanda na kikapu vizuri kuliko kitabu chochote. Mpira wa miguu hukubali vumbi, hukubali majani, hukubali mteremko. Mpira wa kikapu unataka sakafu inayojibu. Juu ya zege, mpira unarudi kiunoni na mkono unajifunza; juu ya udongo, hakuna kinachorudi, na mkono haujifunzi kitu. Ndiyo maana wengi wetu tuliugusa mchezo huu kwa mara ya kwanza sekondari, tulipokuta shule yenye uwanja, na kuanza kuota UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, tukiwa na miaka 14 au 15. Kwa senta, bado kuna muda. Kwa gadi, foleni imeshampita.

Uwanja kamili wa kikapu una urefu wa mita 28 na upana wa mita 15. Ringi huwekwa mita 3.05 kutoka chini, na kwa watoto wa msingi inaweza kushushwa. Nimepiga hesabu kwa macho ya mtu wa hapa: eneo hilo ni nafasi ya malori matano makubwa yakiegeshwa ubavu kwa ubavu. Mji huu kila usiku unatafuta nafasi ya mamia ya malori, na unaipata. Wenye yadi wanajua kumwaga zege linalobeba tani 30. Zege la kubeba watoto kumi halitawashinda. Uwanja mmoja katika shule ya msingi Tunduma, mwingine Vwawa, mwingine Mlowo, mwingine Itumba, na mwalimu mmoja kwa kila uwanja anayewapanga watoto kuanzia darasa la pili: hilo haliahidi NBA. Linaahidi kwamba mtoto wa barazani atakuwa na miaka saba ya kudunda mpira kabla ya mtu yeyote kumuuliza urefu wake.

Na njia ya kupita baada ya hapo siku hizi ipo karibu kuliko alipokuwa kijana Thabeet. Mwaka 2021 ligi ya klabu bingwa za Afrika, BAL, ilianza Kigali, na City Oilers ya Kampala ilishashiriki ligi hiyo mwaka 2023. Mwaka huohuo wa 2021 Kenya ilifuzu Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1993, baada ya Tylor Ongwae kuifunga Angola kwa mtupo wa sekunde za mwisho. Mipaka ya kikapu sasa inavukwa hapahapa kwetu.

Siku mtoto yule atakapopewa mpira nyuma ya mstari, adui amemsimamia kifuani na saa inahesabu nane, saba, sita, hatakuwa na muda wa kujifunza. Atavuka kwa kile ambacho mikono yake ilikusanya akiwa na miaka tisa. Kukusanya huko ni kazi yetu sisi wakubwa, na tunaweza kuianza kwa mifuko ya saruji.